Maisha ya Rudolf Diesel, Mtu wa Mazutu

Sisi, mkuu wa wanafunzi, tumepewa kurasa hizi mbele ya kumaliza masomo yetu ya mwaka wa mwisho, na tumefikiri sana tuandike maisha ya nani. Wengine walituomba tuandike juu ya mfalme au msafiri. Lakini sisi tumemchagua mtu ambaye jina lake linapita kila siku mbele ya mlango wa shule yetu, na hakuna anayemsalimu.

Kila mmoja wetu anajua mazutu. Hapa Kimanga, asubuhi mbele ya kengele ya kwanza, tunasikia mashini za kusaga mihogo zikianza. Tunasikia gurupe za umeme. Tunasikia makamio yanayotoka Bukavu kwa njia ya Kamanyola, na yale yanayokwenda Baraka na Fizi. Kule bandari ya Kalundu mashua zinapakia watu na mizigo. Vyote hivi vinakula mazutu. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanaita mafuta haya dizeli. Sisi tumezoea kusema mazutu, kama Wabelgiji walivyosema, ndiyo maana wengi wetu hatujui kwamba dizeli ni jina la mtu. Mtu huyo alizaliwa, alisoma, alifaulu, alipata mali mingi, akaipoteza, na akafa vibaya. Tutaeleza yote kwa utaratibu.

Kwanza tuseme namna tulivyofika kwake. Baba mdogo wetu ana motokari ya zamani ya mazutu, Land Cruiser ya silindere sita. Inabeba watu na samaki, na ile motokari ndiyo inayolipa minervali yetu. Mwaka huu ilianza kutoa moshi mweusi. Asubuhi ilikataa kuwaka, na ikiwaka ilitikisika sawa na mtu mwenye homa. Mazutu yenye ilitosha safari mbili ikawa haitoshi hata moja na nusu. Baba mdogo akamwita fundi mmoja mzee, akaja na pompi yake ya mkono kupima enjektere zote sita pale pale nyumbani, ndani ya lupango. Sisi tulikuwa msaidizi wa kushika taa na vitambaa. Mambo tuliyoyaona siku ile ndiyo yaliyotutuma kutafuta maisha ya Diesel.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Lakini wazazi wake hawakuwa Wafaransa. Baba yake, Theodor, na mama yake, Elise, walikuwa watu wa Bavaria, upande wa Ujerumani. Baba alikuwa fundi wa kufunga vitabu na kushona vitu vya ngozi. Hawakuwa matajiri hata kidogo. Mtoto alikua akisema Kifaransa barabarani na Kijerumani nyumbani, sawa vile sisi tunavyosema lugha moja kwa mama, nyingine sokoni na nyingine mbele ya mwalimu.

Katika mwaka wa 1870 vita vilianza kati ya Ufaransa na Ujerumani. Watu wa asili ya Kijerumani waliokaa Paris wakawa wageni wabaya. Familia ya Diesel ikalazimishwa kuacha nyumba na kazi, ikakimbilia London. Rudolf alikuwa na miaka 12. Hapa kwetu hatuhitaji kueleza sana jambo hili. Ni wengi kati yetu waliovuka mpaka usiku wakiwa wamebebwa mgongoni, na wanajua maana ya kuwa mtoto wa kabila lisilotakiwa pale anapokaa.

Kule London hakukuwa na fasi ya wote. Mbele ya vita kwisha, mama yake akamtuma kijana peke yake mpaka Augsburg, Ujerumani, kukaa kwa shangazi yake na mume wa shangazi, Christoph Barnickel, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu. Kwa mtoto yule, kutumwa mbali kulikuwa uchungu, lakini kukawa pia mlango. Ndani ya nyumba ya mwalimu alipata vitabu, kimya na mtu wa kumwuliza maswali. Akiwa na miaka 14 aliwaandikia wazazi wake kwamba anataka kuwa injenieri.

Akasoma shule ya ufundi kule Augsburg. Mwaka wa 1875 akapewa bursi ya kuingia shule kubwa ya ufundi ya Munich. Wazazi hawakufurahi, maana walitaka aanze kufanya kazi na kuleta feza. Alikubali bursi hata hivyo. Kati ya waalimu wake alikuwa Carl von Linde, mtu aliyejulikana sana juu ya mashini za kutengeneza baridi. Linde aliwaonyesha wanafunzi kwamba mashini za mvuke za wakati ule zilipoteza karibu nguvu yote ya makaa. Katika makaa mia unayotia motoni, mashini nyingi zilirudisha kazi ya kama kumi tu. Yale tisini yalikwenda bure, katika moshi na joto. Diesel aliandika jambo hili katika daftari lake na halikumtoka tena katika kichwa.

Siku za mtihani wa mwisho, mwaka wa 1879, alishikwa na homa ya matumbo. Wenzake walimaliza, yeye akabaki kitandani. Wangapi kati yetu wangelia na kuacha kila kitu? Yeye alipopona alikwenda Winterthur, Uswisi, kufanya kazi ndani ya kiwanda cha Sulzer, akijifunza kwa mikono wakati alipongojea mtihani mwingine. Akaufanya mwezi wa Januari 1880, akapita kwa sifa kubwa.

Baada ya masomo alirudi Paris kumsaidia mwalimu wake Linde katika kiwanda cha barafu, na baada ya mwaka mmoja akawa mkubwa wa kiwanda kile. Mwaka wa 1883 alimwoa Martha Flasche. Wakapata watoto watatu: wavulana wawili na msichana mmoja. Mwaka wa 1890 wakahamia Berlin.

Lakini lile neno la Linde lilikuwa likimsumbua. Alitaka kutengeneza mashini isiyopoteza nguvu. Kwanza alijaribu mvuke wa amonia. Siku moja ile mashini ikapasuka, karibu imwue. Alikaa miezi mingi hospitali, na macho yake hayakupona kabisa. Baada ya hapo aliacha amonia, akaanza kufikiri juu ya hewa.

Tueleze wazo lake kwa maneno mepesi. Ukipampu kinga, sehemu ya chini ya pompi inakuwa na moto. Ni kwa sababu hewa ikikazwa ndani ya fasi ndogo inapata joto. Diesel alisema hivi moyoni: tukikaza hewa sana ndani ya silindere, itakuwa na joto la kutosha kuwasha mafuta bila buji, bila kiberiti. Pistoni inapanda, inakaza hewa, hewa inapita digri 500. Sasa pale juu kabisa unatia mafuta kidogo, mepesi kama ukungu. Yanawaka yenyewe, yanasukuma pistoni chini. Hiyo ndiyo moteri ya mazutu mpaka leo, katika kamio, katika mashua na katika mashini ya kusaga.

Aliomba hati ya uvumbuzi mwaka wa 1892, akapewa mwaka wa 1893. Mwaka ule ule alitoa kitabu cha kueleza wazo lake. Wengine walicheka. Lakini Heinrich von Buz, mkubwa wa kiwanda cha mashini cha Augsburg, alikubali kujaribu, na kiwanda cha Krupp kikasaidia kwa feza.

Tarehe 10 Agosti 1893 wakajaribu mara ya kwanza. Mafuta yakawaka kweli, lakini kwa nguvu iliyopita walivyotegemea, kama bari 80, na chombo cha kupimia kikapasuka. Vipande vikaruka, na kwa bahati hakikumwua mtu. Wengine wangesema kazi imeharibika. Diesel alisema moyoni kwamba imethibitika, juu mafuta yaliwaka bila kuwashwa. Tarehe 17 Februari 1894 moteri ikazunguka yenyewe kwa dakika moja tu, mizunguko 88. Dakika moja, baada ya miaka yote ile! Ikachukua miaka mitatu tena. Mwezi wa Februari 1897 profesa Moritz Schröter wa Munich akaja kuipima mbele ya watu. Ilikuwa moteri ya silindere moja, ndefu kupita mtu, yenye nguvu kama farasi 20. Ikarudisha kazi ya 26 katika 100, na mashini nyingi za mvuke kama tulivyosema zilikuwa kwenye 10. Moteri ile bado imehifadhiwa Munich, ndani ya jumba la makumbusho la ufundi.

Sasa tusimame kidogo, maana hapa ndipo lupango la baba mdogo linapoingia.

Shida kubwa ya Diesel haikuwa kukaza hewa. Ilikuwa kutia mafuta. Fikirini: ndani ya silindere hewa imekwisha kukazwa, inasukuma kila kitu nje. Mafuta yanapaswa kuingia kwa nguvu kuipita, kwa kipimo kidogo sana, kwa wakati wake kabisa, tena yakiwa ukungu wala si matone. Diesel alijaribu kuyasukuma moja kwa moja, akashindwa. Vyuma vya wakati ule havikuweza kuchongwa vizuri vya kutosha. Mwisho aliyapuliza mafuta ndani kwa hewa nyingine iliyokazwa zaidi. Njia hii ilifanya kazi, lakini ilihitaji mashini ya hewa na mitungi mizito. Kwa hiyo moteri zake zilikuwa za viwanda na meli, na wakati wote wa maisha yake hakuona motokari ya kawaida ikienda kwa mazutu. Wengine ndio waliomaliza kazi hii. Kiwanda cha Robert Bosch kilianza mwaka wa 1922 kutafuta pompi nzuri ya mazutu, na mwaka wa 1927 kikaanza kuzitengeneza kwa wingi. Mwaka wa 1936 Mercedes-Benz ikatoa motokari ndogo ya watu yenye moteri ya mazutu, iliyoitwa 260 D.

Kile kichuma kidogo kinachogeuza mazutu kuwa ukungu ndicho enjektere. Ndani yake mna sindano iliyokazwa na resori. Mazutu ikifika kwa presio ya kutosha, inainua sindano, inatoka, na pale pale sindano inafunga tena. Kinga ya motokari ina bari mbili au tatu. Enjektere za ile Land Cruiser zinafunguka kwa bari kama 150.

Mzee fundi alifanya hivi. Kwanza alisafisha moteri juu kabisa, maana chembe moja ya mchanga inatosha kuharibu sindano. Akafungua tiyo, akaziba kila mdomo kwa kitambaa safi. Akatia alama kila enjektere ili ajue imetoka silindere gani. Akazifunga moja moja kwenye pompi yake ya mkono yenye manometa, mdomo ukitazama chini ndani ya bati refu. Kisha akapima mambo matatu. La kwanza: alisukuma polepole na kutazama manometa, aone inafunguka kwa bari ngapi. La pili: alisukuma haraka, aone ukungu. Enjektere nzuri inatoa ukungu mwembamba ulio sawa pande zote, na inalia kidogo kama mlango mkavu. Mbaya inatoa uzi wa mazutu kama maji ya birika. La tatu: alishika presio chini kidogo ya kipimo cha kufunguka, akahesabu mpaka kumi. Mdomo ukitoa tone, sindano haifungi.

Kati ya sita, nne zilikuwa nzuri. Ya pili ilifunguka kwa bari 110 tu, resori ilikuwa imechoka. Akaongeza kipande chembamba cha chuma juu ya resori mpaka ikafika kipimo. Ya tano ilikuwa inatoa matone. Ile haikuwa na dawa, sharti kununua mdomo mpya. Matone yale ndiyo yaliyoleta moshi mweusi, na siku moja yangechoma pistoni.

Sasa sikilizeni sana, hasa ninyi wa madarasa ya chini wenye kupenda kushikashika. Ile enjektere ya tano ilipotoa matone, sisi tulinyosha mkono chini ya mdomo wake ili tuhesabu vizuri. Baba mdogo alitupiga mkono kwa nguvu mpaka taa ikaanguka. Tulikasirika moyoni. Kisha mzee fundi, bila kusema kitu, alituonyesha mkono wake wa kushoto. Kidole cha shahada hakiko. Alipokuwa kijana mazutu ya pompi ilimpiga penye kidole. Aliona tundu dogo kama la mwiba, halikuuma sana, akanawa kwa sabuni, akaenda kulala. Asubuhi mkono ulikuwa umevimba mpaka kiwiko. Kwa presio ile mazutu inapasua ngozi na kukimbia ndani ya nyama, na nyama inakufa. Anayepigwa hivi asingoje maumivu. Aende hospitali pale pale, hata kama tundu ni dogo kama kichwa cha pini, na amwambie dokta wazi kwamba ni mazutu ya presio, maana mara nyingi ni lazima kupasua na kusafisha ndani mapema. Tena ukungu ule unawaka upesi: hakuna sigara, hakuna mbabula karibu. Na motokari za siku hizi, zenye mitambo ya umeme, zina presio ya kupita bari 1000. Zile hazifunguliwi nyumbani hata kidogo. Kufungua tiyo moteri ikiwa inazunguka ni kucheza na kifo.

Turudi kwa Diesel. Baada ya mwaka wa 1897 alikuwa mtu wa sifa. Viwanda vya nchi mbalimbali vilinunua haki ya kutengeneza moteri yake. Adolphus Busch, tajiri wa pombe wa Marekani, alilipa marki milioni moja kwa haki ya nchi yake. Mtoto wa fundi wa vitabu akawa milionea, akajenga nyumba kubwa sana Munich.

Kuna jambo moja ambalo sisi watu wa Afrika tusilisahau. Mwaka wa 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, kampuni ya Otto ilionyesha moteri ndogo ya Diesel ikienda kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka kujua kama moteri zingeweza kutumika katika makoloni ya Afrika kwa mafuta yanayolimwa pale pale, bila kungoja meli ilete mengine. Moteri ilikwenda vizuri, hata wengi waliopita hawakujua kwamba ni karanga. Mwaka wa 1912 Diesel aliandika kwamba mafuta ya mimea yanaweza siku moja kuwa na maana kubwa. Sisi tunaokaa kati ya michikichi, tukinunua mazutu inayotoka mbali kwa bei inayopanda kila wakati, tufikiri juu ya jambo hili.

Lakini sifa haikumletea raha. Moteri za kwanza zilizouzwa ziliharibika mara nyingi, wanunuzi wakanung'unika. Watu wengine walisema wazo si lake. Mwingereza Herbert Akroyd Stuart alikuwa amepata hati mwaka wa 1890 ya moteri ya mafuta mazito, ingawa ile ilihitaji kichwa chake kipashwe moto kwanza. Diesel alipigana katika mashitaka mpaka akaugua, na mwaka wa 1898 akalazwa katika nyumba ya wagonjwa wa uchovu. Tena hakuwa fundi wa feza. Alitia mali yake katika visima vya mafuta na katika viwanja, akapoteza. Mwaka wa 1903 alitoa kitabu juu ya namna wafanyakazi wangeweza kuungana na kumiliki viwanda vyao. Alikihesabu kuwa kazi yake kubwa kuliko moteri, lakini karibu hakuna aliyekinunua.

Wakati ule ule moteri yake ilikuwa ikishinda. Mwaka wa 1912 meli Selandia ya Denmark ilivuka bahari kwa moteri za mazutu, bila moshi wa makaa. Dunia ilimpigia Diesel makofi. Nyumbani kwake nyumba kubwa ilisimama, wageni walikula na watumishi walitumika. Na ndani ya sanduku la feza hamkuwa na kitu. Hakumwambia mtu. Mke wake hakujua, wala watoto wake hawakujua.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden kule Antwerp, Ubelgiji, bandari ile ile ambako meli nyingi za Kongo zilikuwa zikiondoka. Alikuwa anakwenda London kwa mkutano wa kampuni. Alikula chakula cha jioni na wenzake, wakatembea kidogo juu ya meli. Karibu saa nne ya usiku akaingia chumba chake, akaomba aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo. Asubuhi walibisha, hakuna jibu. Kitanda hakikulaliwa. Nguo ya kulalia ilikuwa imetandikwa. Saa yake iliwekwa pahali pa kuonekana. Nyuma ya meli, karibu na ukingo, wakaona kofia na koti lake vimepangwa vizuri.

Siku kumi baadaye mabaharia wa Uholanzi waliona maiti ndani ya bahari ya Kaskazini. Ilikuwa imeharibika sana. Wakatoa vitu vya mfukoni, wakairudisha majini. Mwana wake Eugen alipoonyeshwa vile vitu alivitambua kuwa vya baba yake. Alikuwa na miaka 55. Watu walisema mengi: kwamba wapelelezi walimwua, au wafanya biashara ya mafuta ya petroli. Ushahidi wa hayo haukupatikana. Mbele ya kuondoka alikuwa amempa Martha begi moja, akamwagiza asilifungue mpaka juma la kufuata. Ndani yake mlikuwa feza taslimu na karatasi za benki zilizoonyesha kwamba mali imekwisha. Na katika kitabu chake cha siku, kwenye tarehe 29 Septemba, alikuwa ametia alama ya msalaba.

Mwaka ule ule wa 1913, kule Papenburg, Ujerumani, walikuwa wanajenga meli ya mvuke kwa ajili ya ziwa letu. Iliitwa Graf von Götzen. Ililetwa vipande vipande ndani ya masanduku mpaka Dar es Salaam na Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka wa 1916, ikainuliwa, na tangu mwaka wa 1927 jina lake ni Liemba. Wazee wetu wa pwani wanaijua. Katika miaka ya 1970 walitoa mashini zake za mvuke, wakatia moteri za mazutu. Kwa hiyo yule mtu aliyepotea katika bahari ya mbali alifika mpaka Tanganyika.

Tumalize na jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Mnajua kwamba kazi ya mkuu wa wanafunzi ni kusoma, siku ya Jumatatu, majina ya wale wasiomaliza minervali. Motokari ilipokuwa imesimama, jina letu lilikuwa kwenye ile karatasi, la saba kutoka juu. Juma la kwanza hatukulisoma. Juma la pili hatukulisoma. Tulisoma majina ya wenzetu kwa sauti kubwa, nao wakatoka mbele yetu na vitabu vyao, na sisi tukabaki tumesimama na karatasi mkononi. Mmoja wao hajarudi shuleni mpaka leo. Nyumbani vilevile hatukumwambia baba mdogo kwamba tarehe imepita, juu tuliona shida yake. Naye hakutuambia kwamba fundi alikuwa anamdai tangu mwaka jana, na kwamba ni haya iliyomzuia kumwita mapema. Mdomo mmoja mbovu wa enjektere ungetengenezwa mwezi wa kwanza kwa bei ndogo.

Tulipofika katika maisha ya Diesel kwenye lile begi, tulishindwa kuendelea kuandika. Kesho yake tulikwenda kwa Bwana Prefe, tukasema yote. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akatupa nafasi mpaka mwisho wa muhula, na akatuomba tumtafute yule mwenzetu asiyerudi, maana yeye pia angepewa nafasi kama angekuja kusema. Jumamosi iliyopita tulikwenda kwao mara ya kwanza, hatukumkuta. Tutarudi.

Jumatatu ijayo tutasoma karatasi tena. Jina letu litakuwa la kwanza kusomwa. Na wewe mwenye deni, au ugonjwa, au shida ya nyumbani yenye haujamwambia mtu, usingoje tarehe. Njoo kwetu saa ya mapumziko, chini ya mwembe, au nenda kwa mwalimu unayemwamini.

Wenye mtihani wa serikali, tujikaze.